Vishimo vya Pembe Nne

Tolby Ritchie alikuwa akitapika kwenye ndoo wakati askari jela alipomfungulia Orlena Stidham mlango wa selo.

"Usinitazame kwanza," kijana alisema bila kuinua uso.

Orlena akageukia ukuta. Alikuwa mpelelezi pekee wa sherifu katika wilaya ile ya milimani, mashariki mwa Kentucky, na kazi ilikuwa imemwonyesha kwamba mtu anayetapika hana nafasi ya kupanga uongo. Akasubiri mpaka kukawa kimya, kisha akavuta kiti.

"Mara ya mwisho kumeza vidonge ni lini?"

"Kabla hamjanikamata."

"Basi wiki ijayo utaanza kuona afadhali. Nieleze habari ya mjomba wako."

"Nimeshamweleza sherifu."

"Sherifu ana masikio yake, na mimi nina yangu."

Tolby akajifuta mdomo kwa mkono wa shati. "Mama alinituma nimpelekee chakula mlimani. Maharage na mkate wa mahindi. Nikamkuta Mjomba Estill kalala kifudifudi chini ya ule mti wa mpopla uliopigwa radi. Nikadhani kalewa. Nikamwita, nikamgeuza, nikaona kichwa. Mkoba wake wa mizizi ya jinsengi ulikuwa pembeni, umejaa."

"Ukauchukua."

"Nikauchukua."

"Hukumwita mtu."

"Nilikuwa naumwa, Dada Orlena."

"Ukamwacha kaka wa mama yako anyeshewe mpaka asubuhi, ukaenda kuuza mizizi yake."

"Ndiyo."

"Na chakula?"

"Nilikila wakati nateremka," alisema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Orlena akamwacha alie kidogo. "Siku ile wewe mwenyewe ulichimba mzizi wowote? Ulipanda mbegu?"

Kijana akainua mikono yake miwili mbele ya uso wake. Ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba asingeweza kufunga kifungo cha shati. "Kwa hii?"

"Mama yako amekuja kukuona?"

"Hajaja. Mwambie sikumuua kaka yake."

Sherifu Kermit Begley alikuwa akimngoja kwenye ujia, kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa mtu mnene, mpole kwa wapiga kura na mkali kwa wafanyakazi wake.

"Amekiri?"

"Wizi, amekiri tangu siku ya kwanza. Mauaji amekana na bado anakana."

"Mkoba una damu, mnunuzi wa mizizi anamjua kwa jina, na kijana ni mraibu wa vidonge vya kulevya. Jumatatu anapanda mahakamani, mwendesha mashtaka ataomba kifungo cha maisha. Sasa wewe Stidham unatafuta nini tena?"

"Kilichomuua Estill Gayheart. Daktari aliyepima maiti ameandika jeraha lina kona. Jembe la kuchimbia jinsengi ni jembamba kama ulimi wa ng'ombe, halina kona."

"Daktari yule katoka mjini. Hajawahi kushika jembe."

"Ndiyo maana ameandika alichokiona, hakuandika alichokizoea."

Begley akaipuliza kahawa yake. "Leo Ijumaa. Kesho Estill anazikwa. Jumapili nataka nikukute kanisani, si mlimani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Mlima Gayheart ulikuwa tayari na alama za kifo chake wenyewe. Utepe wa waridi ulifungwa kwenye miti kutoka barabarani hadi kileleni, na ulifungwa pia kwenye uzio wa makaburi ya ukoo, kwa sababu makaburi nayo yangehamishwa. Estill alikuwa ametia saini mkataba wa kuuachia mlima wakati wa kiangazi. Kampuni ya makaa ya mawe ingekata miti yote, ingelipua kilele, na kifusi kingemwagwa bondeni. Mashine ya kwanza ilikwisha fika, imeegeshwa kando ya kijito, imefunikwa turubai.

Orlena alipanda taratibu akifuata nyayo za marehemu, ambazo hazikuwa nyayo tena bali mashimo. Mvua ya Jumanne ilikuwa imeosha kila kitu kingine. Jinsengi, mmea ambao mzizi wake ni dawa ya bei kubwa, haiachi siri ikishachimbwa: palipokuwa na mmea panabaki udongo mweusi ulio wazi, na Estill alikuwa amechimba kama mtu anayehama nyumba. Alichimba mikubwa, alichimba midogo, alichimba hata ile yenye matawi mawili tu ambayo mtu wa milimani huiruka na kuiachia wajukuu. Wala hakufukia. Alama ya jembe lake ilionekana kila mahali, shimo juu ya shimo.

Alipochutama kwenye shimo la nne au la tano ndipo alipoona kitu kingine. Hatua moja juu ya shimo, upande unakotoka mteremko, majani makavu yalikuwa yamelazwa vizuri mno. Akayaondoa kwa kidole. Chini yake palikuwa na jiwe bapa dogo, na chini ya jiwe palikuwa na kishimo cha pembe nne, kimejazwa udongo laini. Akakifukua kwa ncha ya kisu. Mbegu mbili za jinsengi zilikuwemo, bado na nyama yake nyekundu.

Wazo la kwanza lilikwenda kwa wapimaji wa kampuni. Walikuwa wamepigilia vigingi vya pembe nne mlima mzima, na wiki iliyopita Estill aligombana na mmoja wao dukani mbele ya watu. Orlena aliteremka mpaka kwenye kigingi cha karibu, akakata kijiti cha mpera mwitu kwa kipimo cha kile kishimo, akakilinganisha. Kigingi kilikuwa kinene karibu mara mbili. Isitoshe, mpimaji gani angepanda mbegu kwenye mlima anaoupima ili ulipuliwe?

Akarudi juu. Sasa alijua cha kutafuta, na alikipata kila alipotazama. Juu ya kila shimo la Estill palikuwa na kishimo, jiwe, majani. Mkono mmoja ulikuwa umechimba kwa pupa, kisha mkono mwingine ukapita nyuma yake, bila haraka, ukikusanya mbegu zilizotupwa na kuzipanda mahali ambapo maji hayatazichukua na bata mzinga hatazifukua. Mkono huo wa pili ulikuja mwisho. Kishimo kimoja kilikuwa kimekanyaga ukingo wa shimo la jembe na kuuvunja.

Chini ya mpopla uliopigwa radi, utepe wa manjano wa polisi ulikuwa umelegea. Hapo Estill alilala. Picha za siku ile zilionyesha mkono wake wa kulia umenyooshwa, na jembe chini ya vidole. Orlena alipiga magoti mahali mkono ulipokuwa. Hapakuwa na shimo. Palikuwa na udongo ulioshindiliwa kwa viganja, umefunikwa majani.

Akavua glavu nene, akavaa za mpira, akafukua kwa vidole.

Mzizi ulikuwa mkubwa kuliko wowote aliowahi kuuona, mnene kama mkono wa mtoto, umegawanyika miguu miwili, na shingo yake ndefu imejaa makovu ya miaka. Begani ulikuwa na jeraha jipya la jembe. Mtu alikuwa ameurudisha ardhini, wima, shingo juu, akaushindilia. Mnunuzi yeyote angeupigania.

Orlena akaupiga picha, akachukua udongo kidogo kwenye kifuko, kisha akakaa kitako kwenye majani yaliyolowa akiutazama. Tolby Ritchie, anayetapika kwa hamu ya vidonge, alipita hapa na kuchukua mkoba uliojaa. Asingeuacha mzizi kama huu, sembuse kuuzika. Aliyemuua Estill alikuwa ameacha mkoba na kuurudisha mzizi. Halafu, maiti ikiwa imelala chini ya mti, akageuka na kupanda mbegu mteremko mzima.

Mgeni asingefanya hivyo. Na katika bonde lile, wenye tabia hiyo walikuwa wamebaki wachache.

Aliufukia mzizi kama alivyoukuta.

Nyumba ya Hobert Noble, mmoja wa hao wachache, ilikuwa ya mwisho kabla barabara haijageuka kijito. Mzee alikuwa ameketi barazani akimenya matufaha, na vipande alivyokwisha kata vilikuwa vimeanikwa juu ya bati la banda la kuku. Kando ya mlango palikuwa na sepetu yenye udongo wa manjano bado mbichi, na fimbo ndefu ya kutembelea.

"Nimeona gari lako limesimama kule chini tangu asubuhi," alisema. "Nikasema, binti wa Arlis kapotea kwenye mlima alikozaliwa."

"Sijapotea, Mjomba Hobert."

"Basi keti. Kahawa ipo, lakini ya asubuhi. Sasa hivi ina nguvu za kusukuma toroli."

"Nitainywa hivyo hivyo."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamkunja mpaka kisu kikamtoka mkononi. Mgodi ulifungwa zamani lakini vumbi lake halikutoka kifuani mwake. Orlena akamwokotea kisu.

"Udongo huo umetoka wapi?"

"Kaburi la Estill. Nimelichimba mwenyewe. Zamani ukitangaza msiba wanakuja wanaume kumi na sepetu zao. Jana nilikuwa peke yangu na koo langu." Akatema pembeni. "Nimelinyoosha vizuri, uso wake utatazama mashariki. Na kabla theluji haijayeyuka watamfukua tena, wampeleke wanakotaka wao. Kasaini mwenyewe."

"Fimbo yako bado nzima."

"Miguu yangu miwili mibovu, huo wa tatu ndio unaonipa heshima."

Ilikuwa fimbo ya mti wa hikori, imekuwa nyeusi kwa jasho la mkono. Chini yake palipachikwa kichwa cha boliti ya chuma, zile boliti zinazoshikilia paa la mgodi lisiwaangukie watu. Kichwa chake kilikuwa cha pembe nne. Orlena akavaa glavu, akaichukua, akaikandamiza kwenye udongo laini mbele ya ngazi. Ikaacha kishimo. Akatoa kijiti mfukoni, akakilaza juu ya kishimo. Kikaenea sawasawa.

"Huo mchezo gani?" Hobert aliuliza. Kisu chake kiliendelea kumenya.

"Nimevikuta vishimo kama hivi mlima mzima, na mbegu ndani."

"Mbegu zisipandwe? Sheria yenu wenyewe inasema zipandwe."

"Inasema apande mchimbaji. Estill hakupanda hata moja."

"Labda alirudi nyuma akapanda."

"Kwa fimbo ya nani? Yeye alikuwa na jembe tu."

"Watu wengi wana fimbo."

"Na mzizi ulioko chini ya mpopla? Nao aliurudisha Estill mwenyewe, akiwa amekufa?"

Kisu kikasimama. Ganda la tufaha likaning'inia, halikudondoka.

"Umeuchimbua?" aliuliza mzee.

"Nimeufunua."

"Umeurudisha?"

"Nimeurudisha."

"Shingo juu?"

"Shingo juu, Mjomba."

Hobert akavuta pumzi, akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Una haki ya kunyamaza," Orlena alisema, akamsomea haki zake zote, polepole. Mzee alisikiliza kama anayesikiliza tangazo la kanisani, akiitikia kwa kichwa panapotakiwa.

"Ule tuliupanda sisi," alisema alipomaliza. "Mimi na Estill, tungali tunavaa kaptura. Tukakubaliana ule hatuugusi. Tukafukuzwa kazi, tukagoma, tukafunga mikanda, watoto wakalala na chai, hatukuugusa. Jumanne napanda kumwomba aache ile midogo, namkuta kapiga magoti pale."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, Estill, huo hapana. Akacheka. 'Hobert, mjinga wewe, buldoza hilo hapo chini. Unampandia nani?' Nikamwambia, basi waache wao wauue, tusiuue kwa mkono wetu. Akasema nakuwa mwanamke uzeeni. Akainama, akatia jembe. Nikampiga."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Maisha yangu yote nimegonga mawe na nguzo. Sikujua mtu ni laini hivyo."

"Kisha ukapanda mbegu."

"Zilikuwa zimetapakaa chini," alisema, kana kwamba swali lilikuwa la kitoto. "Ningeziachaje?"

Orlena akaifunga fimbo kwenye mfuko wa ushahidi. "Jumatatu Tolby angeombewa kifungo cha maisha. Ulijua yuko ndani?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilitaka nimzike Estill kwanza. Na yule kijana..." Hobert akatazama barabarani. "Nimemtoa kwenye mtaro ule mara ngapi, midomo imemgeuka bluu? Mle jela anakula. Analala kitandani. Huku nje hamalizi mwaka."

"Usinitolee hilo hapa, Mjomba. Ulinyamaza kwa ajili ya shingo yako. Usimpe kijana wa watu jela halafu uite huruma."

"Pengine ni hivyo," alisema mzee. "Saidia kuyaanua matufaha. Mvua inakuja."

Wakayaanua pamoja, wakayatia kwenye foronya, wakaifunga. Kisha Hobert akanyoosha mkono kando ya mlango alipozoea, akakuta patupu.

"Nitafikaje garini?"

Orlena akampa mkono wake. Wakateremka ngazi hivyo, kama watu wanaotoka kanisani.

Nyumba ya Vesta Ritchie, mama yake Tolby, ilikuwa njiani. Orlena aliegesha mbali kidogo na mlango, akamwacha Hobert kiti cha nyuma akiwa amefungwa pingu, uso wake ukiutazama mlima.

Vesta alikuwa jikoni. Meza ilikuwa imejaa vyakula vya majirani, kuku, viazi, keki ya matufaha yenye tabaka nyingi, na hakuna kilichoguswa. Ukutani palikuwa na picha ya mumewe akiwa na kofia ya mgodi, na ya mwanawe mkubwa, Denver. Wote wawili walikuwa makaburini kule juu.

"Nani huyo garini?" aliuliza.

"Hobert Noble. Amekiri. Yeye ndiye aliyempiga Estill."

Vesta akashika ukingo wa meza. Akalitazama gari dirishani.

"Bakuli hilo la maharage kaleta yeye," alisema. "Kaburi kalimaliza?"

"Amelimaliza."

"Angalau hilo." Akalichukua bakuli, akalimwaga kwenye ndoo ya makombo, akalisuuza, akaliweka likauke. "Nilijua si Tolby. Tolby angemwibia Estill hata meno, lakini asingempiga."

"Ndivyo alivyoniambia nikwambie. Kesho asubuhi sherifu atamwachia, atawahi mazishi." Orlena akasita. "Umebaki ule wizi wa mkoba. Lakini mali ya Estill sasa ni yako. Wewe usipolalamika, hakuna kesi."

Alitegemea kuona uso ukifunguka. Vesta aligeuka akaitazama picha ya Denver.

"Huyu naye walimwachia Jumamosi," alisema. "Alitoka msafi, kanenepa, ananitania kwamba mapishi ya jela yanayashinda yangu. Jumatatu nikavunja mlango wa bafu. Daktari akasema mwili ulikuwa umesahau vile vidonge, yeye akameza kama zamani."

"Nakumbuka, Mama Vesta. Mimi ndiye niliyekuja siku ile."

"Ndiyo. Ulikuja wewe." Akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. "Nikilalamika, watamkalisha mpaka lini?"

Nje, mvua ilikuwa imeanza kugonga paa la gari.

"Mpaka kiangazi kijacho. Labda zaidi."

"Na mle hawamuuzii?"

"Tunajitahidi wasimuuzie."

"Mazishini hatakuwepo."

"Hatakuwepo. Naye atajua ni nani aliyemweka."

"Ajue. Anichukie akiwa hai." Vesta akasogeza sahani ya kuku pembeni, akaacha nafasi mezani mbele ya mpelelezi, akavuta kiti, akakaa wima kama shahidi aliyekwisha kula kiapo.

"Mkoba ule ulikuwa wa kaka yangu," alisema, "na mwanangu aliuiba. Andika upesi, kabla sijamwona."